Mwadui: Msimu ambao mgodi ulizimwa

MHUNZE. Mashabiki wa soka wa hapa hawahitaji kufungua simu kutafuta tarehe. Ni Oktoba 30, 2019, Jumatano, Uwanja wa Kambarage mjini Shinyanga.

Simba walikuja wakiwa hawajapoteza hata mchezo mmoja wa Ligi Kuu msimu ule. Waliondoka wamepoteza. Gerald Mathias Mdamu alitikisa nyavu mara moja, ikatosha, Mwadui FC 1, Simba 0. Wekundu wa Msimbazi walikwenda kuchukua ubingwa mwisho wa msimu, lakini wa kwanza kuwachafulia rekodi walikuwa ni vijana wa kutoka Wilaya ya Kishapu.

Mwaka mmoja na siku moja baadaye, Oktoba 31, 2020, timu hizo zikakutana tena, safari hii Dar es Salaam. Simba 5, Mwadui 0.

Nini kilitokea katikati? Wapo watakaokutajia usajili, wengine makocha, wengine mabeki. Yote yanajadilika. Ila kuna jambo moja lisilo na mjadala, nalo halikutokea uwanjani. Aprili 2020 mgodi wa almasi wa Mwadui ulisimamisha uzalishaji.

Asiyefahamu jiografia ya huku aelezwe kidogo. Mhunze ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Mwadui imo ndani ya wilaya hiyohiyo, jirani na Maganzo, mji mdogo ulio kwenye barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza. Almasi ya pale iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Canada, na mgodi ukabeba jina lake hadi leo. Mwaka 1947 ikatoka almasi ya rangi ya waridi ambayo Williamson alimpa Princess Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Jiwe likaenda London, Kishapu ikabaki na shimo, kijiji cha wafanyakazi na baadaye timu ya mpira.

Huwezi kuitenganisha timu ile na mgodi ule. Jina ni moja, na uwanja wake wa Mwadui Complex uko hukohuko mgodini. Ilipopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2015/16, chini ya Jamhuri Kihwelo 'Julio', iliingia kwa kishindo kama walivyo watu wenye uhakika wa mshahara. Julio naye hakuwa mtu wa kukaa kimya. Oktoba 2016 alibwaga manyanga akisema amechoshwa na waamuzi. Timu ikabaki, ikapata misukosuko, ikabaki tena.

Mwaka 2019 nusura izame. Ilibidi icheze mchujo wa kubaki Ligi Kuu, na waliokuwa wakitaka nafasi yake ni Geita Gold, timu ya mkoa jirani wa dhahabu. Almasi ikaishinda dhahabu. Geita wakarudi kwao kujipanga, Mwadui wakaendelea na safari, na miezi michache baadaye ndiyo wakamfunga Simba.

Kisha ikaja corona. Masoko ya almasi duniani yakakauka, minada ikasimama, na kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa ikimiliki asilimia 75 ya mgodi huku Serikali ikiwa na 25, ikatangaza kusimamisha kazi hadi bei itengemae. Mitambo ikazimwa. Nje ya geti, kila aliyekuwa akiishi kwa mshahara wa mtu mwingine, mama lishe, dereva wa bodaboda, mwenye nyumba za kupanga, alijua habari hiyo kabla haijatangazwa redioni.

Msimu wa 2020/21 ulianza Septemba 2020 ukamalizika Julai 2021. Mgodi ulirejea kazini katika robo ya tatu ya 2021. Piga hesabu mwenyewe. Mwadui ilicheza takribani msimu wote huku mgodi uliowapa jina ukiwa kimya.

Na haukuwa msimu wa kucheza mfukoni mkiwa na vumbi. Ligi ilikuwa na timu 18, maana yake safari 17 za ugenini kwa basi. Toka Shinyanga nenda Bukoba kwa Kagera Sugar, rudi. Nenda Musoma kwa Biashara United, rudi. Ruangwa kwa Namungo, Tanga kwa Coastal Union, Moshi kwa Polisi Tanzania. Nyanda za juu kusini kulikuwa na watatu, Mbeya City, Prisons na Ihefu. Dar es Salaam ndiyo usiseme. Jirani pekee wa maana alikuwa Gwambina kule Misungwi, na yeye mwenyewe alikuwa anapigania roho yake. Timu ya Dar inaweza kucheza zaidi ya nusu ya mechi zake bila kulala hotelini. Timu ya Kishapu inalala hotelini karibu kila wiki mbili, na hotelini hawakopeshi.

Mwishoni mwa Oktoba mambo yalijionyesha. JKT Tanzania waliichapa Mwadui mabao 6-1, Adam Adam akiondoka na 'hat-trick'. Siku chache mbele zikaja zile tano za Simba. Desemba wakaja Yanga hapahapa Kambarage, kwenye uwanja uleule wa Oktoba 30, nao wakaondoka na ushindi wa 5-0.

Mechi tatu, mabao 16. Kipa anaweza kulaumiwa kwa bao moja, pengine mawili. Mabao 16 ni ya kila mtu.

Wanaosema timu ile ilikuwa mbovu tangu mwanzo hadi mwisho wanakosea, na hapa ndipo msimu ule unapouma zaidi. Aprili 2021 Simba walirudi Kambarage wakiwa wametoka kutikisa Afrika, waliokuwa wamemaliza vinara wa kundi lao Ligi ya Mabingwa mbele ya Al Ahly. Walishinda 1-0 tu, bao la John Bocco. Mei 2021 Mwadui ilikuwa robo fainali ya Kombe la Shirikisho, mikononi mwa Yanga, na ikatoka kwa 2-0, mabao yote ya Deus Kaseke. Waliokwenda siku zile waliona timu inayokaba, inayorudi nyuma kwa pamoja, inayokufa kiume. Lakini ligi haikupi pointi kwa kufungwa vizuri. Vijana walikuwa wamejifunza kuzuia wakati kilichokuwa kinatakiwa ni kushinda.

Mwadui ikawa timu ya kwanza kujihakikishia kushuka, ikimaliza mkiani. Ihefu, Gwambina na JKT Tanzania wakafuata. Walishuka wanne kwa mpigo kwa sababu ligi ilikuwa inapunguzwa kutoka timu 18 hadi 16. Yaani hata mlango wa kutokea ulikuwa umepanuliwa mwaka huo.

Angalia sasa kilichokuwa kinapikwa jikoni. Mei 2021, wakati Mwadui inachungulia kaburi, Shirikisho la Soka Tanzania na Azam Media walitia saini mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya Sh225 bilioni. Fedha zile zilianza kuhesabiwa msimu wa 2021/22. Kwa Simba na Yanga hilo lilikuwa ongezeko. Kwa timu ndogo ya mkoani ni tofauti ya kusafiri mapema na kufika asubuhi ya mechi. Mwadui, iliyovumilia misimu sita ya kuungaunga, ilitoka mlangoni wakati chakula kinaletwa mezani.

Na nani alipanda msimu uleule? Geita Gold. Wale wa mchujo wa 2019. Walipanda pamoja na Mbeya Kwanza, na wao walikuwa na Mgodi wa Dhahabu wa Geita mgongoni, mgodi unaofanya kazi, huku bei ya dhahabu ikiwa imepaa kipindi hichohicho cha corona kilichoiua almasi. Msimu wao wa kwanza wakamaliza nafasi ya nne, George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, akimwacha Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja, na tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikapatikana. Kanda ya Ziwa nzima ilishangilia. Kishapu walishangilia pia, ila kwa uso wa mtu aliyealikwa harusi ya mchumba wake wa zamani.

Kwa mkoa wa Shinyanga pigo lilikuwa la pili. Stand United, 'Chama la Wana', timu iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi, ilikuwa imeshashuka mwaka 2019. Nayo ilionja fedha za mgodi, za kampuni ya Acacia, kabla wenyewe kwa wenyewe hawajaanza kugombana timu ni ya nani na mfadhili akajiondoa. Mwadui iliposhuka, Kambarage ikabaki bila timu ya Ligi Kuu.

Mdamu, yule wa Oktoba 30, naye Julai 2021 alikuwa akiichezea Polisi Tanzania. Siku chache kabla ligi haijamalizika basi la timu hiyo lilipata ajali mjini Moshi wakitoka mazoezini. Alivunjika miguu yote miwili. Hapa Mhunze habari ile ilipokelewa kama ya mtoto wa nyumbani, ingawa jezi ya Mwadui alikuwa ameshaivua.

Geita nao wakashuka mwaka 2024, pamoja na Mtibwa Sugar. Siku hizi shabiki wa Mhunze anayetaka kuiona Ligi Kuu kwa macho yake anapanda gari kupitia Kolandoto, anafika Shinyanga mjini, anaipita Kambarage ilipo, anaunganisha hadi Mwanza kuwatazama Pamba Jiji. Wengi hawaendi. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na kiingilio inalipa kibanda umiza wiki nyingi, na kibandani Simba na Yanga wanaonekana vizuri tu, mradi umeme usikatike.