Kiti laini humchosha msafiri wa pikipiki

UKIMWULIZA mwenye pikipiki ni kitu gani alichokichagua kwa uangalifu siku aliyoinunua, atakutajia injini, magurudumu, taa na pengine rangi ya tangi. Kiti hatakitaja. Atakikumbuka siku atakapokwenda safari ya mbali.

Mimi nilikikumbuka changu baina ya Emali na Makindu nikiwa njiani kwenda arusini huko Mazeras, na nusura arusi hiyo niikose.

Wiki moja kabla ya safari nilikuwa nimempelekea fundi mmoja jijini Nairobi kiti cha pikipiki yangu, nikamwambia akijaze sponji kadiri awezavyo. Alikata kipande cha godoro, akakibandika juu ya sponji ya zamani, kisha akakifunika kwa ngozi ya kuiga nyeusi yenye mishono myekundu. Kiti kilivimba kama andazi. Nilipokijaribu pale kibandani nilijiona nimekalia kochi la tajiri, nikalipa bila kuteta.

Nilipita Athi River nikipiga mluzi. Kufika Sultan Hamud, makalio yalianza kuwaka moto. Baada ya Emali mapaja yalishikwa na ganzi, ikawa sasa nakalia upande mmoja, kisha upande wa pili, kama mtu aliyeketi juu ya siafu.

Ni katika kule kujigeuza-geuza ndipo pikipiki ilipoyumba kuelekea katikati ya barabara. Lori lililokuwa likitoka Mombasa lilinipigia honi ndefu, likanipita kwa nafasi isiyozidi urefu wa mkono. Nilisimama kando, nikaketi chini ya mti hadi mikono ilipoacha kutetemeka.

Tangu siku hiyo sikubaliani na mtu asemaye kwamba kiti cha pikipiki ni jambo la anasa. Dereva anayeumwa hutazama maumivu yake, haitazami barabara.

ULAINI HUDANGANYA

Kosa langu ndilo kosa la wengi. Tunadhani kiti cha raha ni kiti laini. Lakini mtu anapoketi, sehemu kubwa ya uzito wake huangukia mifupa miwili iliyo chini ya nyonga. Sponji dhaifu, kama ile ya magodoro ya bei rahisi, huanza kwa kubonyea vizuri, kisha huendelea kubonyea mpaka mifupa hiyo ikagota kwenye bamba gumu la kiti. Nyama iliyobanwa hapo katikati haipati damu ya kutosha, na ndiyo sababu ya ganzi na moto.

Kiti cha safari kazi yake ni kuutawanya uzito huo ili usikae mahali pamoja. Kwa hiyo kinataka sponji nzito, ngumu kidogo, na upana wa kutosha pale nyuma makalio yanapokaa.

Hekima hiyo si ya leo. Mwaka wa 1882 Mwingereza John Boultbee Brooks alisajili tandiko la baiskeli la ngozi, na matandiko ya jina lake yanauzwa hadi sasa. Ukilibonyeza kwa kidole utadhani ni ubao. Lakini ngozi hiyo, ikikaliwa kwa muda, hufuata umbo la mwenyewe, na wapo watu waliozunguka nchi nyingi juu yake.

Huko Marekani kuna chama kiitwacho Iron Butt Association, ambacho hutoa cheti kwa anayekwenda maili 1,000, yaani karibu kilomita 1,600, kwa muda usiozidi saa 24. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya safari ya Nairobi hadi Mombasa. Wengi wa watu hao hukiondoa kiti kilichokuja na pikipiki, wakaagiza kingine. Kampuni ya Corbin ya Hollister, katika jimbo la California, imejipatia wateja wengi wa namna hiyo, na viti vyake vinajulikana kwa ugumu.

FUNDI WA PILI

Sisi hapa hatuna haja ya kwenda California, maana ufundi huu una mizizi yake kwetu. Vijana wa Busia waliokuwa wakivusha abiria mpakani kwa baiskeli kuanzia miaka ya 1960 walishona mto na kuufunga juu ya keria ili abiria asiumie. Jina la boda boda lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Leo pikipiki zimechukua nafasi ya baiskeli, na mafundi wa viti wako karibu kila mji.

Niliporudi kutoka arusini, nikipumzika kila baada ya nusu saa, nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyeanza kazi kwa kushona mito hiyo ya baiskeli. Alikitazama kiti changu kilichovimba, akacheka.

"Kijana, ulitaka kiti au kitanda?" akaniuliza.

Hakuchukua makasi kwanza. Aliniuliza huwa naenda wapi, nabeba nani na naumia mahali gani hasa. Kisha aliweka kipande cha katoni juu ya benchi, akaniambia nikikalie na kujikandamiza. Nilipoinuka palikuwa na alama mbili zilizobonyea. Alipima nafasi iliyo baina yake kwa rula. "Hapa ndipo unapokaa," akasema. "Kwingine kote ni nyama tu."

Aliitoa sponji ya godoro, akaweka ile ngumu iliyotengenezwa kwa vipande vilivyogandamizwa pamoja, na juu yake tabaka jembamba la sponji laini. Nyuma alipanua, mbele akapunguza.

Nilipokikalia nilivunjika moyo. "Mzee, mbona ni kigumu hivi?"

"Nenda nacho Naivasha urudi," akanijibu, "kisha uje unitukane."

Sikurudi kumtukana. Nilirudi kumshukuru.

MAMBO YA KUTAZAMA

Msomaji anayetaka kununua kiti kipya au kushonewa yafaa ayachunguze mambo machache.

Kwanza ni umbo. Kiti kiwe kipana nyuma na chembamba mbele. Kikiwa kipana mbele, mapaja hutanuka na miguu haifiki chini vizuri unaposimama. Kadhalika kisiinamie tangi, kwa maana utateleza mbele kila unapofunga breki, na mikono itachoka kwa kukusukuma nyuma.

Pili ni kimo. Kuongeza sponji huinua kiti. Mtu mrefu atafurahi kwa sababu magoti yake hayatakunjika sana. Mtu mfupi atajikuta akisimama kwa ncha za vidole, na pikipiki yenye mzigo itamwangusha.

Tatu ni kifuniko. Mshono usipite pale mifupa inapokalia wala unapogusana na paja. Ngozi ya kuiga iliyo nyeusi huchomeka juani, na ile yenye mishono iliyolegea hunyonya maji ya mvua ambayo utayakalia siku mbili baadaye.

Nne ni usalama. Bamba la chini likae sawasawa kwenye chuma cha pikipiki, na kufuli lishike. Kiti kinachocheza kwenye kona ni hatari. Usikubali fundi alikate bamba hilo ovyo, na kama una uwezo, kihifadhi kiti cha zamani na utafute bamba jingine la kufanyia majaribio.

Na usimsahau abiria. Mke wako au mteja wako ana mifupa miwili kama wewe.

Asiye na fedha za kiti kizima hakosi la kufanya. Ngozi ya kondoo yenye manyoya hupitisha hewa na kupunguza jasho. Kifuniko cha shanga za mbao, kama vile vya madereva wa teksi, nacho hupitisha hewa. Mto wa kujazwa hewa pia husaidia, lakini ujazwe kidogo tu, uinue mwili kidogo kutoka kwenye kiti. Ukijazwa sana utayumba juu yake kama aliyekalia mpira.

KIJARIBU NJIANI

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kiti cha pikipiki hakijulikani dukani kwa dakika tano, kwa sababu dakika tano ndizo ambazo kiti laini hushinda. Mwombe muuzaji au fundi muda wa kwenda nacho angalau saa moja, na mpatane mapema kama atakubali kukirekebisha. Sponji mpya nayo huhitaji siku kadhaa ili ikuzoee.

Hata hivyo, hakuna kiti kinachoweza kufanya kazi yote. Inuka kidogo juu ya vikanyagio unapopita matuta. Simama kila saa moja unyooshe miguu. Epuka suruali na nguo za ndani zenye mishono minene. Na kama springi za nyuma zimekufa, zitengeneze kabla ya kukilaumu kiti.

Mwaka uliofuata nilikwenda tena Pwani kwa pikipiki ile ile. Nilisimama Mtito Andei, karibu nusu ya safari, nikaagiza chai na chapati. Nilipomaliza nilitambua kwamba nilikuwa nimesimama kwa sababu ya njaa.