Daftari la Zahanati Lina Kazi Gani?

Mara nyingi mnatuuliza: kwa nini muuguzi anaandika sana na huku wagonjwa wamejaa kwenye benchi? Swali hilo ni la haki. Mwezi huu tutaeleza kazi ya maandishi hayo na sehemu ya kila familia.

Vitabu vikubwa mnavyoviona vinaitwa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Vilianza kutumika nchini katika miaka ya 1990. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, na namba 12 cha wodi ya wazazi. Kila mwezi tunajumlisha na kupeleka taarifa wilayani. Huko huingizwa katika kompyuta, kwenye mfumo uitwao DHIS2, ulioenea nchi nzima kufikia mwaka 2014.

Mfumo hukua kama mtoto

Kwanza mfumo hutambaa: watu huandika kwa kuwa wameagizwa, na kitabu kikijaa hufungiwa kabatini. Kisha husimama: hesabu hulinganishwa na kitabu kabla ya kutumwa. Mwisho hutembea: kituo chenyewe husoma hesabu zake na kurekebisha kazi. Kompyuta haimrushi mtoto hatua hizo. Kosa la kitabuni likiingia kwenye kompyuta hubaki kosa, tena husafiri upesi zaidi.

Tuseme watoto 40 walipata chanjo ya kwanza ya pentavalenti wakiwa na wiki 6, lakini waliopata ya tatu, ya wiki 14, ni 28 tu. Watoto 12 wamepotea njiani. Kama majina na vitongoji vimeandikwa vizuri, mhudumu wa afya wa kijiji anajua nyumba za kwenda. Kama havikuandikwa, tutawaona siku watakapoletwa wamezidiwa na kifaduro.

Chukua pia malaria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa Kigoma ilikuwa juu kuliko mikoa yote: karibu mtoto mmoja kati ya wanne wenye umri wa chini ya miaka mitano alikutwa na vimelea. Lakini si kila homa ni malaria. Homa zote zikiandikwa malaria bila kipimo, dawa ya mseto itaagizwa nyingi na ya nimonia kidogo. Mtoto mwenye nimonia atakuta rafu tupu.

Familia ifanye nini?

(a) Njooni na kadi ya kliniki kila mara, hata kama mtoto anakuja kutibiwa tu.

(b) Tumieni jina lilelile siku zote, na mtaje kijiji na kitongoji. Akina Maria na Yohana ni wengi.

(c) Tajeni umri wa kweli, maana dozi hufuata umri na uzito.

(d) Mtoto akizaliwa nyumbani au njiani, mleteni mapema, yeye na mama yake, wapimwe na kuandikwa. Kifo cha nyumbani nacho kitolewe taarifa.

Msiogope kusema ukweli. Taarifa inayokwenda wilayani hubeba hesabu, si majina, na ugonjwa wa mtu ni siri yake.

Basi, muuguzi akiwauliza tena jina la kitongoji, mjibuni kwa subira. Huenda kwa jibu hilo mtoto wenu akatafutwa kwa wakati.