Sindano kwa Maradhi ya Kucha

Katika soko la Gikomba, Nairobi, mikono ndiyo mtaji. Muuza mitumba huchambua marobota kwa vidole, muuza samaki hushinda mikono yake majini, na fundi wa mabati hushika nyundo tangu asubuhi hata jioni. Mtu kama huyo kucha zake zikianza kuwa nene, kufanya vishimo, kupasuka au kubanduka, hupata hasara mara mbili: huumia, na wateja huitazama mikono yake kwa shaka. Wengi husema mara moja kwamba ni kuvu, wakanunua dawa ya kuvu, na miezi ikapita bila nafuu.

Yafaa ifahamike kwamba si kila ukucha ulioharibika una kuvu. Yako maradhi ambayo asili yake ni mwili wenyewe kuushambulia ukucha kana kwamba ni adui, hata pakawa na uvimbe. Mashuhuri katika hayo ni soriasisi na laikeni planasi. Hayaambukizi, wala hayaletwi na uchafu, sembuse uchawi.

Ukucha huota kutoka kwenye mzizi uliofichika chini ya ngozi, nyuma yake. Ndiyo sababu dawa ya kupaka mara nyingi haifiki panapohusika. Basi daktari wa ngozi huchukua dawa ya jamii ya steroidi, mara nyingi triamsinoloni, akaitia kidogo sana kwa sindano nyembamba katika ngozi iliyo juu ya mzizi. Uvimbe ukitulia, mzizi huweza kuanza tena kutengeneza ukucha mzuri.

Dawa za jamii hii zilianza kupata sifa mwaka 1948, wagonjwa wa baridi yabisi walipotibiwa kwa kortisoni huko Marekani. Tena katika miaka ya 1950 wataalamu wa Uingereza walitumia kitu kilichopatikana katika masalio ya mkonge wa Afrika ya Mashariki kutengenezea dawa kama hizo. Wachache waliokata mkonge walilijua jambo hilo.

Sindano hiyo huuma, wala haifai kumficha mgonjwa. Kwa hiyo wako madaktari wanaotia ganzi kwanza. Kwa kawaida hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Ukucha wa mkono huota kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, hivyo ukucha mpya huhitaji miezi 6 hivi kukamilika, na wa mguu mwaka au zaidi. Mwenye kuacha baada ya sindano ya kwanza kwa kuwa haoni badiliko hujidhulumu.

Lakini kwanza hapana budi kipande cha ukucha kipimwe, kwani steroidi hupunguza nguvu za mwili za kupigana na vijidudu, na kuvu ikiwapo huweza kuenea. Dawa ikizidi, ngozi huwa nyembamba au hupoteza rangi. Kwa hiyo kazi hii si ya muuza dawa wa kando ya njia. Wala kungoja sana si busara: laikeni planasi huweza kuacha kovu katika mzizi, na penye kovu ukucha hauoti tena, hata kwa sindano.

Mgonjwa na aanzie zahanati iliyo karibu, naye akihitaji mtaalamu ataandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa, kama ile ya Taifa ya Kenyatta. Siku chache kabla ya kwenda asipake rangi ya kucha, wala asizikate fupi mno, maana daktari atahitaji kipande cha kupima.