MAKOHOZI YA ASUBUHI: KAZI NDOGO YA KUFANYIA NYUMBANI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama mwenye nyumba,

Kikohozi kikipita wiki 2, pamoja na homa ya jioni, jasho la usiku na kukonda, usiseme ni vumbi tu. Usiseme pia kwamba jirani amekutilia sumu. Njoo dispanseri. Tutakupa kikopo chenye mfuniko, nawe utarudi nacho nyumbani. Kazi ya kesho yake asubuhi ni yako, si yetu.

Wengi wanakumbuka ugonjwa wa corona, ulioingia katika nchi yetu mwezi wa Machi 2020. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba mtu aweza kujipima corona mwenyewe nyumbani, kwa kupitisha kijiti puani. Kijidudu cha corona hukaa puani na kooni, kwa hiyo kijiti chatosha. Kijidudu cha kifua kikuu, alichokigundua mganga Mdachi Robert Koch mwaka 1882, hujificha chini kabisa mapafuni. Hakuna kijiti kinachofika huko. Ni nguvu ya kifua chako tu inayoweza kukitoa.

Kwa nini tunawasemesha hasa ninyi wa machimbo? Jiwe jeupe lenye dhahabu, likitobolewa au likitwangwa, hutoa vumbi laini sana. Vumbi hilo huingia mapafuni na kuyaumiza, na pafu lililoumia halina nguvu ya kupigana na kifua kikuu. Wanawake wanaotwanga mawe wamo katika hatari hiyo hiyo.

Vikopo vingi vinatufikia vikiwa na mate matupu. Darubini huhitaji vijidudu kati ya 5.000 na 10.000 katika mililita moja ili ivione. Ukileta mate, jibu litakuwa «hakuna kitu», nawe utarudi kulala chumba kimoja na watoto, ukiwakoholea kila usiku. Ndivyo kikopo kibaya kinavyowadhuru wasio na kosa.

Fanya hivi:

1. Amka, usile kwanza. Sukutua kinywa kwa maji safi, bila dawa ya meno.

2. Toka nje, penye upepo, mbali na watu. Usikoholee kikopo ndani ya nyumba wala jikoni.

3. Vuta pumzi ndefu, izuie kidogo, iachilie. Rudia. Mara ya tatu, kohoa kwa nguvu kutoka chini ya kifua.

4. Tema ndani ya kikopo bila kugusa upande wa ndani. Kijiko kimoja kidogo cha chai chatosha. Makohozi ni mazito. Mate ni mepesi yenye povu. Ukiona povu tu, kohoa tena.

5. Funga vizuri, nawa mikono kwa sabuni. Tazama kama jina lako limeandikwa ubavuni mwa kikopo, si juu ya mfuniko, maana mifuniko huchanganyika.

6. Kilete siku ile ile. Ukitoka Fizi mlimani kushuka Baraka kando ya ziwa, usikiweke juani wala juu ya injini ya pikipiki. Kifunge katika mfuko, kisimame wima. Kikimwagika njiani, kazi yote imepotea.

Makohozi mazuri yakipimwa katika mashine ya GeneXpert, jibu hutoka kabla ya saa 2 kupita. Mashine hiyo huonyesha pia kama kijidudu kimezoea dawa ya rifampisini. Si kila kituo cha afya kinayo, ndiyo sababu kikopo chako huenda kikasafiri.

Tunajua kwamba wengine huogopa kupoteza kazi, wakamwomba mwenzao awatolee makohozi. Fikiri, ndugu. Mwenzako akiwa mzima, wewe utaachwa na ugonjwa wako bila dawa. Akiwa mgonjwa, wewe utameza dawa zake na yeye atabaki bila kutibiwa. Kwa njia zote mbili mtu mmoja anaumia, na wale anaoshuka nao shimoni pia. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua.

Kifua kikuu kinapona. Kwa kawaida matibabu ni miezi 6: miezi 2 ya dawa 4 pamoja, kisha miezi 4 ya dawa 2. Programu ya Taifa hutoa dawa hizo bure. Ila usiziache ukijisikia nafuu, maana hapo ndipo kijidudu hujifunza kuzishinda.

Nanyi akina mama: mtoto mdogo hajui kutoa makohozi. Msimlazimishe. Ikiwa mtu wa nyumbani ana kifua kikuu, mleteni mtoto mwenyewe kwa mganga, hata kama hakohoi. Siku hizi mashine yaweza kupima hata choo chake.

Vikopo viko dispanseri. Chukua chako jioni, utokapo kazini.