Simu Haishiki Chaji? Kagua Haya Kwanza, na Ulinde Pesa Zako

Nauli iko kwa simu, pesa za duka ziko kwa simu, na simu yenyewe imezima. Umeichomeka kwa chaja, umengoja, na haionyeshi kitu. Iwe uko Langas, Huruma au katikati ya mji wa Eldoret, kabla ukimbie kwa fundi, soma hapa.

Kwanza tulia. Pesa zako haziko ndani ya simu. Ziko kwenye akaunti yako, na akaunti imefungwa kwa namba yako. Simu ikiharibika kabisa, pesa bado zipo.

Tafuta shida iko wapi

1. *Soketi.* Hakikisha swichi iko chini na stima ipo. Chomeka simu nyingine hapo hapo. Ikishika chaji, soketi ni nzima.

2. *Waya na chaja.* Waya ndio huharibika haraka, hasa pale shingoni unapokunjwa kila siku. Jaribu waya mwingine kwa chaja ile ile, kisha chaja nyingine kwa waya ule ule. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua mbovu ni gani.

3. *Tundu la chaji.* Simu inayokaa mfukoni hukusanya vumbi na nyuzi za nguo. Zima simu, mulika ndani kwa tochi, kisha toa uchafu polepole kwa kijiti kikavu cha meno. Usitumie sindano wala pini. Chuma kinaweza kuvunja vipini vya ndani au kuleta shoti. Usipulize kwa mdomo pia, kwa sababu pumzi ina unyevu.

4. *Maji.* Msimu wa mvua huku kwetu, simu hulowa kwa boda kabla hujafika nyumbani. Simu iliyolowa isichajiwe. Ipanguse, ielekeze tundu chini, iache ikauke mahali penye hewa. Kuizika kwenye mchele hakusaidii: punje na vumbi lake vinaweza kuingia ndani. Usiianike karibu na jiko.

5. *Betri.* Betri ikiisha kabisa, simu inaweza kukaa kimya kwa muda hata ikiwa inaingia chaji. Ipe nusu saa. Kama ni kabambe, toa betri, panguza vile vyuma vidogo kwa kitambaa kikavu na uirudishe. Lakini ukiona betri imevimba, acha kuchaji mara moja. Usiibonyeze, usiitoboe, inaweza kushika moto.

Unahitaji pesa sasa hivi?

Toa laini yako uiweke kwa simu ya mtu unayemwamini. Ingiza PIN wewe mwenyewe, usimwambie mwenye simu akuandikie. Ukimaliza, futa meseji za malipo zilizobaki kwa simu yake, toa laini na uondoke nayo.

Njia hii pia inasaidia tokeni zikiisha nyumbani. Bila stima huchaji simu, na bila simu hununui tokeni! Weka laini kwa simu ya jirani, lipa Paybill 888880 ya Kenya Power, na kwa akaunti weka namba ya mita yako. Tokeni huja kwa meseji ikiwa na tarakimu 20. Ziandike kwa karatasi kabla hujafuta meseji.

Ukipeleka simu kwa fundi

Kama hakuna kilichosaidia, sasa ni kazi ya fundi. Kabla hujamwachia simu:

- Toa laini. Fundi haihitaji ili kutengeneza tundu la chaji au betri.
- Usimpe PIN ya pesa kwa sababu yoyote ile. Hata sisi hatuiulizi.
- Kama PIN umeiandika kwa meseji, kwa picha au nyuma ya betri, ifute, kisha uibadilishe.
- Simu ikiwaka, jaribu kuchaji hapo hapo dukani kabla ya kulipa.

Fanya hivyo hivyo ukiacha simu kwa kibanda cha kuchajisha: simu ibaki, laini uende nayo.

Na kama simu imeharibika pamoja na laini, nenda na kitambulisho chako kwa duka la mtandao wako, upewe laini nyingine yenye namba ile ile. Salio lako utalipata kama ulivyoliacha. Nenda wewe mwenyewe. Usimtume mtu uliyekutana naye nje ya duka anayesema atakusaidia "haraka haraka". Mtu akipata laini yenye namba yako, kilichobaki kati yake na pesa zako ni PIN tu.