Kompyuta Imegoma Kuwaka? Usikubali Ifomatiwe Kabla Hujajua Imekwama Wapi

Ukiishi Katelembo unajua: stima ikipotea usiku na kurudi alfajiri, hakosi mtu ambaye kompyuta yake itakataa kuamka. Taa inawaka, feni inavuma, lakini skrini ni giza tupu. Ama nembo ya Windows inajitokeza, vidoti vinazunguka weee, kisha mashine inajizima na kuanza upya, kama mlevi anayejaribu funguo kwenye mlango usio wake. Mwenyewe anasema, "Imekufa hii." Anaibeba kwa bodaboda hadi mjini Machakos, na huko anakutana na neno moja tu: fomati.

Hilo neno linanikera, manze. Limekuwa Panadol ya kompyuta. Mashine inajikokota, fomati. Imegoma kuwaka, fomati. Na wengi hawaambiwi kwamba kufomati, vile hufanywa vibandani, mara nyingi ni kufuta kila kitu kwenye diski. Picha za harusi, kazi ya diploma, stakabadhi za KRA, zote zinaenda.

Jirani yangu mmoja ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Nani alikopa, nani amelipa, nani ana deni la faini ya kuchelewa mkutano, yote yako ndani ya HP ya mtumba iliyo kwenye kona ya sebule yake. Siku mashine ilipogoma, fundi mmoja alimwambia madabodi imeungua na diski lazima ifomatiwe. Hakushtuliwa na bei ya madabodi. Chama hugawana pesa Desemba, na mweka hazina asiye na rekodi, hata awe mtakatifu namna gani, ataitwa mwizi.

Hebu icheki hiyo kauli ya fundi polepole. Kama madabodi ndiyo imeungua, diski imekosa nini? Ni kama daktari akuambie mguu umevunjika, kwa hivyo tukung'oe meno. Nilimwambia, "Mwaitu, usilipe kitu bado. Tuangalie imekwama wapi."

Hapo ndipo siri yote ilipo. Kompyuta haiwaki kwa mpigo mmoja. Inapanda ngazi. Kwanza pawa saplai inapokea stima. Halafu madabodi inajikagua yenyewe: RAM iko? Kibodi iko? Picha inaweza kutokea? Kisha inatafuta diski, na ni baada ya hapo tu ndipo Windows huanza kupakiwa. Ukijua imeanguka kwenye ngazi gani, umemaliza nusu ya kazi, na hukuhitaji cheti. Mimi mwenyewe chuo niliacha mwaka wa pili.

Kama hakuna taa wala feni, anza na vitu vya aibu. Soketi ina stima? Jaribu kuchomeka taa ya mezani hapo hapo. Waya wa nyuma umekaza? Kile kiswichi kidogo nyuma ya pawa saplai kimezimwa na mtoto? Chomoa waya kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30 ili mabaki ya umeme yaishe, kisha rudisha na ujaribu tena. Inaonekana kama uganga lakini mara nyingi husaidia. Ikikataa, huenda ni pawa saplai, na hiyo ni ya kubadilishwa tu. Usiifungue. Ndani yake kuna kapasita zinazoweza kushikilia umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na hazijui kama wewe ni fundi au mtalii.

Ngazi ya pili ndiyo iliyomkwamisha jirani. Feni inazunguka, skrini nyeusi, na kile kisanduku kinalia pii, pii, pii. (Sote tunakiita CPU, ingawa CPU yenyewe ni kijidude kidogo kilichojificha chini ya feni huko ndani.) Watu huzima haraka wakisikia hiyo milio. Usizime. Hesabu. Hiyo ndiyo mashine inakuambia panapouma. Kila kampuni ina lugha yake, lakini kwenye HP nyingi za ofisi za miaka ile, milio mitano huku taa nyekundu ikimweka ni shida ya RAM. Dell za ofisi nazo huongea kwa taa ya rangi ya chungwa kwenye kitufe. Andika idadi, chukua modeli iliyobandikwa kwenye kisanduku, tafuta kwenye simu.

Ya jirani ililia mara tano.

Tulichomoa waya, tukafungua kifuniko, na vumbi lililotoka humo ungeweza kupanda maharagwe. Barabara zetu za udongo hazina huruma, na feni ya kompyuta huvuta hewa mchana kutwa. Gusa chuma cha kisanduku kwanza ili umeme wa mwilini utoke. Vile vijibao vya RAM vina viklipu pembeni. Unavifungua, kijibao kinaruka chenyewe. Meno yake ya rangi ya dhahabu unayasugua polepole kwa raba ya kufutia penseli, unapuliza unga wa raba, unakirudisha kwa kukisukuma hadi klipu zilie "tak". Kama viko viwili, jaribu kimoja kimoja. Hapo utajua kipi ni kizima.

Tulipowasha, picha ikatokea, lakini kukawa na ujumbe kwamba tarehe na saa zimepotea, tubonyeze F1 kuendelea. Hapa ndipo wengi hushangilia na kusahau. Ndani ya madabodi kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio wakati stima haipo. Ikifa, kila stima ikikatika kompyuta inarudi miaka mingi nyuma. Na sasa vituko vinaanza: intaneti ipo, WhatsApp inafanya kazi kwenye simu, lakini kwenye kompyuta eCitizen inakataa kufunguka, HELB inakataa, kila tovuti inadai muunganisho si salama. Watu hulaumu baando. Kumbe vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe za kuanza na kuisha, na kompyuta inayodhani bado ni mwaka 2009 inaviona vyote kuwa feki. Betri hiyo haizidi bei ya chakula cha mchana.

Ikipita hapo na kukuambia haioni diski ya kuwashia, kwanza toa fleshi zote ulizochomeka, maana huenda inajaribu kuwaka kutoka kwenye fleshi ya nyimbo. Kisha kaza waya mbili za diski. Ukisikia diski ikigonga tik, tik, tik, zima mara moja. Kila dakika unayoiwasha inaweza kuendelea kujikwaruza, na hapo hakuna raba itakayosaidia.

Windows ikianza halafu ikwame, tulia, kwa kawaida vyuma ni vizima. Ikishindwa mara mbili tatu mfululizo, Windows ya siku hizi hufungua yenyewe ukurasa wa marekebisho. Humo jaribu kuondoa sasisho la mwisho, au uwashe kwa Safe Mode, ile hali ya kuwaka na vitu vichache tu. Mnakumbuka Julai 19, 2024? Sasisho moja bovu la CrowdStrike liliangusha takriban mashine milioni 8.5 za Windows duniani, ndege zikakosa kuruka, hospitali zikarudi kwa karatasi. Dawa iliyotumika kwa mashine nyingi ilikuwa kuingia Safe Mode na kufuta faili moja. Sasa mbona yako ifutwe yote?

Na hata Windows ikikataa katakata, faili zako bado ziko. Tafuta fleshi ya GB 8, mwombe mwenye saiba akuwekee Linux Mint, ambayo ni ya bure. Unaichomeka, unaiambia kompyuta iwake kutoka hapo, unachagua kuijaribu bila kuisakinisha, na unaiona diski yako kama kabati lililo wazi. Nakili vyako kwenye fleshi nyingine. Kama diski ilifungwa kwa BitLocker utahitaji ile namba ndefu ya tarakimu 48. Kwa wengi imehifadhiwa kwenye akaunti yao ya Microsoft.

Kuhusu stima yenyewe, tulioshuhudia Agosti 25, 2023 na tena Desemba 10 mwaka huo huo, sehemu kubwa ya nchi ikiwa giza, hatuhitaji kuhubiriwa. Stima ikipotea, chomoa. Hatari mara nyingi huja inaporudi. Ile gadi unayonunulia friji hata kompyuta inaihitaji, na mvua za Novemba zikianza na radi, chomoa pia waya wa intaneti.

Jirani sasa ana daftari la chama sehemu tatu: kwenye diski, kwenye fleshi iliyo kwa katibu, na kwenye barua pepe yake.

Kuna siku utahitaji fundi, hiyo haikwepeki, na wazuri wapo. Mpe maelezo: imelia mara ngapi, imeandika nini, imekwama ngazi gani. Kama shida iko kwa pawa saplai, RAM au madabodi, chomoa diski kabla hujaondoka nyumbani. Ni waya mbili na skrubu kadhaa. Mwambie ajaribu na diski yake.