Stoo Moja, Madebe Mangapi? Hesabu ya Rangi Kabla ya Kulipa

Fundi ameizunguka stoo yako mara moja, akaipima kwa macho tu, kisha akasema, "Nunua ndoo moja ya lita ishirini." Wewe tayari umeshatoa simu. Ngoja kwanza. Stoo ndogo ya mahindi, zile za nyuma ya nyumba hapa Moiben, haimalizi lita 20. Na rangi ikishachanganywa dukani ili ifike ile uliyoichagua, maduka mengi hayakubali kuirudisha. Pesa imeenda, nusu ndoo inagandia kwenye kona.

Kuna wanaokosea upande ule mwingine. Wanasoma kwenye debe kwamba lita moja hufunika mita 12 za mraba, wanagawanya haraka haraka, wananunua lita 5. Zinaisha kabla mpako wa pili haujafika katikati. Sasa ni kurudi Eldoret kwa sababu ya debe moja, na nauli unalipa wewe.

Tupige hesabu pamoja. Stoo yako ni ya mbao, urefu mita 4, upana mita 3. Paa limeinama, kwa hivyo ukuta wa mbele unaenda juu mita 2.5 na wa nyuma mita 2. Mbele ni 4 mara 2.5, yaani mita 10 za mraba. Nyuma ni 8. Kuta za kando zina kimo tofauti mwanzo na mwisho, basi chukua cha katikati, 2.25, zidisha na 3, unapata 6.75 kila upande. Jumla ya kuta nne ni 31.5. Toa mlango wa chuma usiopakwa, kama mita 1.8 hivi. Sema mita 30 za mraba, tusibishane na sentimita.

Hapa ndipo ile 12 ya kwenye debe inapowadanganya watu. Nambari hiyo ni ya ukuta laini. Mbao zisizopigwa randa zinakunywa rangi kama udongo mkavu unavyokunywa maji. Kwa mpako wa kwanza tungehesabu mita 6 tu kwa lita, yaani lita 5. Mpako wa pili unakuta mbao zimeshashiba, lita moja inafika mita 9 hivi, kwa hivyo lita 3.3. Jumla lita 8.3. Nunua madebe mawili ya lita 4 na kopo moja la lita 1. Si 20, si 5.

Kama madebe yamechanganywa rangi dukani, yamimine yote kwenye ndoo moja ukoroge kabla ya kuanza, maana mara nyingine hayafanani kabisa. Piga picha ya kile kibandiko chenye nambari ya rangi. Ukihitaji kuongezea baadaye, utamtumia mwenye duka hiyo picha badala ya kumweleza "ile kijani fulani hivi".

Rangi gani sasa? Kwa kuta za nje tungechukua rangi ya maji iliyoandikwa kuwa ni ya nje. Mbao hufura mvua ikinyesha na kujikunja jua likiwaka, na rangi ya aina hii hunyumbulika nazo. Rangi ya mafuta inang'aa vizuri, lakini inataka praima chini na tarpentini ya kusafishia brashi, na hiyo yote ni gharama. Stoo si sebule. Ila usishawishike na rangi ya maji ya ndani kwa sababu ni rahisi. Mvua za hapa zitaiosha.

Mabati mapya yanayong'aa yaache kwanza. Rangi ya mafuta ya kawaida ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki mpya hubambuka baada ya muda. Ukilazimika, nunua praima ya mabati hasa. Na chagua rangi nyeupe au ya maziwa. Rangi iliyoiva hubeba joto mchana, usiku wa Moiben nao unajua ulivyo, na unyevu ukiganda chini ya bati utadondokea mahindi.

Ndani, mahali mahindi yanapogusa, usipake kitu. Zile nafasi kati ya mbao zinazopitisha upepo usizizibe kwa rangi. Na ile oili chafu ya gari ambayo watu hupaka mbao kuzuia mchwa, tafadhali, si kwa stoo ya chakula. Unaweka humo unga wa watoto.

Maliza kupaka wiki kadhaa kabla ya kuvuna ili harufu iishe. Kila siku anza umande ukishakauka, kama saa nne asubuhi, na uweke brashi chini mapema kabla mvua ya alasiri haijakukuta.

Sasa simu. Pesa ya rangi ilipe dukani mwenyewe, kwa nambari ya till ya duka, badala ya kumtumia fundi akununulie. Hatusemi fundi wako ni mwizi. Ila ukilipa mwenyewe, jina la duka, kiasi na saa vinabaki kwenye ujumbe wako, na kukiwa na ubishi kuhusu debe lililopungua una pa kuanzia. Jina likitokea kwenye skrini, lisome kabla ya kuweka PIN. Ukiambiwa "till imeharibika, tuma kwa namba hii yangu", uliza jina la mwenye duka kwanza. Na simu yako usimpe mtu akulipie, hata kama una rangi mikononi. Nawa.

Unaagiza Eldoret na mzigo unakuja na matatu? Mwambie mwenye duka akutumie picha ya madebe yakiwa yamefungwa, nembo na nambari ya kibali cha KEBS vikionekana. Kisha tuma ujumbe wenye SM# ikifuatwa na hiyo nambari kwenda 20023. Utajibiwa bidhaa ni ya nani na kama kibali bado kinatumika. Jibu lisipolingana na debe, usilipe.

Ya fundi igawe mara tatu: kidogo anapoanza, kingine mpako wa kwanza ukikauka, na kilichobaki ukishazunguka stoo mchana, na jua likiwaka, ukaona hakuna ubao uliorukwa. Mkubaliane hivyo kabla hajafungua debe. Na lile kopo la lita 1 liache limefungwa hadi yale mawili yaishe. Kama ni rangi ya kiwandani isiyochanganywa dukani, uliza siku ya kununua ikiwa utaweza kulirudisha.